Bumba Juu ya Kitanda Changu

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa presha amenikataza mambo mawili, chumvi na kufoka. Chumvi nimeiacha. Kuhusu kufoka akasema, "Mama, ukipandwa na hasira chukua kalamu uandike, kisha ulale." Basi naandika. Nimechukua daftari la vipimo la mwaka juzi, lina kurasa nyingi tupu, maana siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, wakija kwangu ni kupunguza kiuno tu.

Leo aliyenipandisha ni mkwe. Mimi moyoni humwita Kimya. Mwanangu alimwoa mwaka jana akamleta hapa nyumbani, na maneno aliyoniambia tangu siku hiyo naweza kuyafunga kwenye pindo la leso. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nausubiri huo mshindo.

Asubuhi nimemkuta mbele ya nyumba, shingo juu, anaangalia tundu lililo chini ya ukingo wa paa, juu kabisa ya dirisha la chumba changu.

"Unatafuta nini huko?"

"Nyuki, Mama. Wanaingia na kutoka."

"Nyuki wawili watatu ndiyo habari?"

"Hawa ni wapelelezi. Wanakagua. Tuzibe tundu leo, la sivyo kundi zima litahamia."

Nikamwambia nyumba hii nimeijenga kwa sindano, tofali baada ya tofali, mume wangu akiwa hai na alipokwisha kufa, na haijawahi kukaguliwa na mdudu. Akasema, "Sawa, Mama," akaenda kuosha vyombo. Hiyo "sawa" yake ndiyo siipendi. Haina mpini wala makali, huwezi kuishika.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Hakuna mteja. Kimya ameliangalia tundu tena. Nimemwona.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia mwanangu kuhusu mkewe na tundu. Mwanangu tunamwita Tajiri tangu utotoni, kwa sababu alikuwa anawauzia wenzake penseli zake, kisha anakuja kwangu kulia kwamba hana penseli. Akacheka.

"Mama, baba yake anafuga nyuki. Kwao nyuki ni kama kuku."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mtu aliyelelewa na nyuki anakuja kuangalia tundu la chumba changu kila siku, halafu niambiwe ni kama kuku?

Jumatatu, 11 Machi

Wamekuja.

Nilikuwa namkatia mwalimu suruali nikasikia mngurumo, nikadhani ni lori limekwama mtaani. Nikatoka. Anga ya mbele ya nyumba ilikuwa inachemka. Nyuki, nyuki, nyuki, wanazunguka kama vumbi la kufagia, kisha taratibu wakaanza kujikusanya kwenye kibao changu cha "Tunashona Nguo za Kila Aina". Wakashikana miguu, mmoja juu ya mwingine, mpaka maandishi yakafunikwa. Likawa bumba moja refu, kama sweta la sufu lililoanikwa bila kukamuliwa.

Watu wakajaa. Ukitaka kujua majirani zako, ngoja upate balaa mlangoni. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alitaka achome tairi. Muuza mkaa akasema wamwagiwe maji ya sabuni. Mwingine ambaye hata simjui akasema, "Hao hawaji bure. Wametumwa."

"Na nani?" nikauliza.

"Wenye nyumba ndio wanaojua," akasema, akaondoka zake na simu yake aliyokuwa anapigia picha.

Kimya akatoka ndani. Hakujifunika hata kichwa. Akasogea karibu na lile bumba mpaka nikafumba macho, akasimama akalitazama kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikifika ng'ambo ya barabara:

"Msiwaguse! Wameshiba asali na hawana nyumba ya kulinda, hawamuumi mtu. Wanapumzika tu. Nampigia baba aje na mzinga."

Watu wakamsikiliza. Hata fundi baiskeli aliweka tairi chini. Mimi mwenye kibao hakuna aliyenisikiliza.

Baba yake amesema mvua imekata barabara, hataweza kuja mpaka ipitike.

Alijuaje, wiki nzima kabla, kwamba watakuja? Naandika swali hili hapa nilisome tena nikiwa nimetulia.

Jumanne, 12 Machi

Nimetulia, nimelisoma. Bado ni swali.

Na jibu limekuja lenyewe. Jua lilipopanda, bumba lilifumuka, likainuka, likazunguka nyumba, likaenda moja kwa moja kwenye lile tundu. Si la sebuleni. Si la chumba chao. Lile la juu ya kitanda changu. Waliingia kama nafaka inavyoingia kwenye gunia, na haikuchukua muda kibao changu kikawa cheupe.

Kimya alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, "Nilisema tuzibe, Mama."

Alisema. Mtu aliyepanga jambo si ndiye huwa wa kwanza kusema?

Jumamosi, 16 Machi

Usiku wanavuma juu ya dari kama cherehani ya umeme iliyosahauliwa kuzimwa. Nimetia pamba masikioni. Sasa pamba nayo inavuma.

Tajiri amekuja na wazo. "Mama, kwa nini usiende kwa dada kidogo, mpaka mambo yatulie?" Dada yake, binti yangu, ana nyumba nzuri, watoto wanne, na mume anayesikiliza redio kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nikamwambia mimi sihami chumba changu kwa ajili ya wadudu.

"Kidogo tu, Mama."

Neno "kidogo" lina urefu wake. Mtu hupimwa nalo mpaka linakuwa sanda.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimesikia kwa masikio yangu. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nakwenda kuchota maji ya pasi, nikasimama nje ya jiko kwa sababu kiatu kilifunguka.

Kimya alikuwa anaongea na simu. Anaongea! Na kicheko juu yake. Akasema hivi, nayaandika neno kwa neno kabla hayajachuja:

"Ndiyo, yule mzee ndiye anayetoka. Mdogo anabaki na nyumba." Akasikiliza. "Hapana, hapigwi, anaondoka mwenyewe. Akiona nafasi imebana, na mdogo yuko karibu, anajua siku zake pale zimekwisha." Akasikiliza tena. "Ndivyo ilivyo. Nyumba haiwezi kuwa na wawili."

Nilirudi bila maji. Nikakaa kwenye cherehani nikashona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Basi ndiyo hiyo. Mshindo niliokuwa nausubiri. Mzee ni mimi, mdogo ni yeye. Nyuki wa baba yake wanatumwa juu ya kitanda changu, mwanangu anatumwa na wazo la kwenda kwa dada, na mimi natarajiwa nifungashe nguo nikisema asanteni. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo nimeipokea mwenyewe kwa vigelegele.

Alhamisi, 21 Machi

Sijaongea na mtu leo. Kimya akaniuliza kama naumwa. Nikasema, "Bado."

Jumapili, 24 Machi

Usiku walikuwa wanagombana chumbani mwao. Ukuta wa chumba chao na changu ni mmoja, sikuhitaji kiatu kufunguka. Sauti ya mwanangu haikusikika vizuri. Ya mkewe ilisikika.

"Mwambie mwenyewe. Mimi simo." Kisha, "Ni mama yako. Neno hilo halitatoka kinywani mwangu."

Hata ujasiri wa kunitoa kwa mdomo wake hana. Anataka mwanangu ndiye anifukuze.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeongea na fundi baiskeli. Anamjua mtu anayepuliza dawa za kunguni na mende kwenye nyumba za kulala wageni. Nimemwambia aje Alhamisi, mchana, Tajiri akiwa kazini. Sijamwambia mtu mwingine. Nyumba yangu, dari yangu.

Ijumaa, 29 Machi

Mkono umevimba, naandika kama mtoto wa chekechea. Lakini ya jana lazima niyaandike, maana naogopa nikiyaacha yatajipanga upya kichwani kwa namna ya kunipendelea.

Mpuliziaji alikuja na ngazi, na pampu mgongoni, na kofia ya plastiki. Akaangalia tundu, akasema, "Mama, hii ni kazi ya kuwahi chai." Kwenye chumba cha kushonea kulikuwa na mteja, yule mwalimu, amekuja kujaribu suruali yake. Kimya alikuwa uani anafua.

Mpuliziaji akapanda, akaingiza mdomo wa pampu kwenye tundu, akabonyeza.

Nilisikia sauti ya Kimya kwanza. "Nani kapanda huko? Msipulize! Shuka! Mama, funga milango!" Kisha nikasikia sauti ya dari. Siijui sauti nyingine ya kuifananisha nayo. Ile siku ya kibao walinguruma. Jana walipiga kelele.

Walitoka kote. Walitoka kwenye tundu wakamkuta mpuliziaji ana mikono miwili kwenye pampu na hana hata mmoja kwenye ngazi. Alianguka na pampu yake. Walitoka kwenye ufa wa dari, kule taa inakoning'inia, wakaingia chumba cha kushonea. Mwalimu alitoka mbio mtaani na suruali yenye pini, sijui kipi kilimchoma zaidi. Fundi baiskeli aliacha baiskeli ya watu imelala katikati ya barabara. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijipigapiga usoni, na kadiri nilivyojipiga ndivyo walivyozidi.

Kitu kizito, baridi, kikanifunika kichwa kizima. Shuka lililolowa maji. Mikono ikanizungusha kiunoni ikaniburuta kwenye korido mpaka chooni, mlango ukafungwa, taa ikazimwa. Kwenye giza Kimya akaniambia, "Usijipige, Mama. Tulia. Tulia hivyo hivyo." Akaanza kunikwangua miiba kwa ukucha, shingoni, nyuma ya masikio, mmoja mmoja. Nilimsikia anapumua kwa mdomo. Kisha akafungua mlango akatoka, nikadhani ananiacha. Alikuwa amekwenda kumvuta mpuliziaji, aliyelala chini ya ngazi.

Mpuliziaji amevunjika kifundo cha mkono. Mwalimu mzima, ila hatarudi kwangu. Kimya, shuka lilikuwa juu yangu, yeye hakuwa na kitu. Macho yote mawili yamefunga kwa uvimbe. Walimlaza hospitali usiku mmoja kwa sababu alikuwa anapumua kwa shida.

Na bado nyuki wako darini. Dawa iliwafikia wa mlangoni tu.

Jumamosi, 30 Machi

Nimefikiri usiku kucha. Mtu gani huwa na shuka la maji tayari mkononi?

Jumamosi, jioni

Alikuwa anafua. Najua. Lakini aliliokota upesi mno.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemweka Tajiri mbele yangu, nikamwambia yote: tundu, simu, "mzee ndiye anayetoka", nyuki. Nikamwambia, "Nyumba hii haina nafasi ya wanawake wawili. Sasa uchague."

Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimekwishapanga mpaka nitakapolia. Akatazama sakafu, akasema, "Sawa, Mama. Aende kwao apumzike kidogo."

Upesi hivyo. Sikupata hata nafasi ya kulia.

Kimya alifungasha bila neno, jicho moja limefunguka, jingine bado. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwenye godoro langu, maana tangu ile siku chumbani hakulaliki. Akasimama mlangoni na begi lake.

"Mama, chumba chako usikihame. Hata mimi nikiondoka, wewe usikihame."

"Unanitisha?"

Akatikisa kichwa. Akaenda.

Nilitarajia nitajisikia nimeshinda. Nilipika chakula cha watatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua mfululizo. Tajiri ana furaha, anapiga mluzi. Mke hayupo, naye anapiga mluzi.

Jumatatu, 8 Aprili

Tajiri ameuliza kama nimeongea na dada. Nikamwuliza, ya nini, na aliyetaka niondoke amekwishaondoka? Akasema, "Ni kwa afya yako tu, Mama." Nimemtazama akila. Tangu lini anajali afya yangu kabla ya kumaliza sahani?

Jumatano, 10 Aprili

Leo amekuja seremala, kijana mwenye penseli sikioni. Amebisha, nimemkaribisha, nikadhani ana suruali. Akasema amekuja kupima.

"Kupima nini?"

"Chumba cha mbele, Mama. Kile chenye dirisha la barabarani. Tajiri amesema tutabomoa dirisha tuweke mlango wa duka, na rafu kuta tatu. Rafu za simu." Akaangalia dari, akasikia mvumo. "Na hawa mtawatoa lini? Alisema mwisho wa Aprili wewe utakuwa umehamia kwa dada yake, ndipo tuanze."

"Alikuambia lini?"

"Kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nasubiri mbao zikauke."

Kabla ya mwaka mpya. Nyuki walikuja Machi.

Nikamtengenezea chai yule seremala. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kuniambia jambo uso kwa uso ndani ya nyumba hii. Alipoondoka nikaingia chumbani mwangu, chini ya nyuki, nikakaa kitandani. Hawakunigusa. Nikakaa mpaka Tajiri aliporudi.

"Seremala wako alikuja," nikamwambia.

Nilimzaa, kwa hiyo najua uso wake ukianguka huanzia wapi. Huanzia masikioni.

"Mama, nilikuwa nataka upumzike. Umeshona miaka mingi. Na barabara hii sasa ina biashara…"

"Mkeo alijua?"

Akaangalia dari.

"Nakuuliza, mkeo alijua?"

"Alijua. Alikataa. Alisema mwenye nyumba aulizwe kwanza. Kila siku alikuwa ananiambia nikuulize."

"'Mwambie mwenyewe, mimi simo.'"

Akashtuka. "Amekuambia?"

"Ukuta umeniambia. Na nilipokuja kwako nikamsingizia, nikataka aende kwao, ulisema nini?"

"Nilinyamaza, Mama."

"Hukunyamaza. Ulisema sawa."

Nilifoka. Daktari anisamehe. Nilifoka mpaka fundi baiskeli akafunga banda lake mapema, na yeye si mtu wa kukosa habari. Kisha nikaishiwa sauti, tukabaki mimi na yeye na mvumo wa juu, na mwanangu mwenye ndevu akalia kama siku zile za penseli. Zamani ningemnunulia nyingine.

Alhamisi, 11 Aprili

Miezi yote hii nimemlinda mwizi na kumfukuza mlinzi. Kazi yangu ni kupima watu!

Jumapili, 14 Aprili

Barabara imepitika. Nilipanda gari la asubuhi, peke yangu. Tajiri alitaka kuja, nikamkatalia. Dhambi yangu na yake hazikai kiti kimoja.

Kwa baba yake Kimya ni nyumba ndogo yenye bati jekundu, na mizinga imepangwa chini ya miti huko nyuma. Mzee mwenyewe ni mfupi, mcheshi, meno machache. Alinipokea kama mtu asiyejua lolote, ndipo nikajua anajua yote.

Kimya alitoka, akanisalimia kwa heshima zote, akanipa maji, akakaa mbali. Macho yamepona. Chini ya jicho la kushoto kumebaki alama.

Niliyapanga maneno njia nzima, nikayasahau yote. Nikasema, "Nilikusikia kwenye simu. 'Mzee ndiye anayetoka, mdogo anabaki na nyumba.' Nikadhani ni mimi."

Wakatazamana, baba na binti. Mzee ndiye aliyecheka kwanza, kisha akaona si pa kucheka.

"Mkwe mwenzangu, alikuwa anaongea na mimi," akasema. "Tulikuwa tunabishana kuhusu malkia. Nyuki wakizidi mzingani, na wakiwa wamelea malkia mdogo, anayehama ni yule mzee. Anatoka na nusu ya watu wake kwenda kutafuta pengine, mdogo anabaki na mzinga na akiba yote. Watu wengi hudhani ni kinyume. Mimi nilitaka kujua kama waliokuja kwako ni kundi la malkia mzee."

"Na ndiyo?"

"Kwa ukubwa ule, ndiyo. Huyo aliye juu ya kitanda chako ni mama mtu mzima, amewaachia wanawe nyumba."

Kimya alinitazama tu, ila safari hii nilijua kimya chake kina nini ndani.

"Mama," akasema hatimaye, "kwa nini hukuniuliza?"

Hilo ndilo swali. Nilikuwa na jibu la kila kitu, la tundu, la shuka, la simu. La hilo sikuwa nalo. Nikasema, "Niliogopa utasema ndiyo." Kisha nikamwomba msamaha, kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, mbele ya baba yake.

Alikaa akikunja na kukunjua pindo la gauni lake. Limeshonwa vibaya hilo pindo, lakini nilijizuia.

"Nimesikia, Mama. Nyuki nitakuja kuwatoa, maana hawana kosa. Mengine tutaona."

Jumamosi, 20 Aprili

Wamewatoa leo. Walianza jua lilipolegea, mzee, Kimya, na mimi wa kushika taa. Ndiyo, mimi. Walinivisha wavu na glavu, nikaonekana kama bibi harusi wa mazishi.

Mzee alipuliza moshi kidogo kidogo, kisha Kimya akang'oa ubao wa dari. Kumbe kwa muda huo mfupi walikuwa wamejenga mji. Masega meupe yananing'inia, yamepangana kwa nafasi sawa, mstari baada ya mstari. Mimi nimeshona maisha yangu yote na sijawahi kushona kitu kilichonyooka hivyo. Yale ya karibu na tundu yalikuwa meusi, yamekauka, na chini yake wafu wamejaa. Kimya aliyakata akayatia kwenye mfuko, akasema asali ile isiliwe na yeyote, ina dawa. Hakuniangalia alipokuwa anasema. Nilijiangalia mwenyewe.

Masega mazima wakayafunga kwa kamba kwenye mzinga. Kimya akatafuta kwa muda mrefu, akiwasogeza nyuki kwa kidole kama anatafuta sindano kwenye zulia, kisha akasema, "Huyu hapa." Mrefu, tumbo refu, mabawa yamechanika ncha. Akamwingiza mzingani, na wengine wakaanza kumfuata wenyewe, wanatembea kwa miguu kama watu wanaotoka kanisani au msikitini, hakuna anayesukumana.

Tajiri alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, hana kazi aliyopewa. Mkewe aliposhuka ngazi akasogea, akasema kitu. Sikusikia. Nilitoka uani makusudi nisisikie.

Jumatano, 24 Aprili

Kimya amerudi. Yaani, amerudi kwa mumewe, si kwangu. Aliniambia yeye mwenyewe, mezani, Tajiri amekaa pembeni kama mshtakiwa.

"Mama, tumepata vyumba viwili karibu na soko. Duka ataanza kwenye kibanda cha kukodi. Nyumba hii ina mwenyewe."

Neno la kwanza lililonijia ni, nani kakushauri? Likafika mpaka kwenye meno. Nikalimeza, nikauliza, "Ni uamuzi wako au wake?"

"Wangu," akasema. "Yeye amekubali."

Tajiri akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikasema, "Basi ni uamuzi mzuri." Uliniuma kuliko mwiba wowote wa ile Alhamisi, lakini ni mzuri.

Jumapili, 28 Aprili

Wamehama. Kitanda, meza, masanduku, vyote kwenye mkokoteni. Fundi baiskeli alisaidia kusukuma ili apate kuuliza maswali. "Mama, mbona vijana ndio wanaohama?" Nikamwambia sisi si nyuki. Hakuelewa, akakasirika.

Nimelala chumbani mwangu. Dari imerudishwa, tundu limezibwa. Kimya, nasema sasa kile cha kweli, kilikuwa kizito juu yangu mpaka nikawasha redio.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Nimeshona mapazia. Ilinibidi nimpigie mkwe nimuulize urefu wa madirisha yake, maana siyajui, na alinipa vipimo vyote kwa uangalifu, kisha akaongeza, "Rangi usichague peke yako, Mama, njoo na vipande nione." Nimekwenda na vipande. Alichagua ile ambayo nisingeichagua.

Jumapili, 12 Mei

Mapazia yalikuwa tayari, nikayapeleka leo. Ngazi ni nyembamba, mlango wao ni wa tatu, una rangi ya kijani iliyobabuka. Nilisikia ndani wanaongea, mwanangu anacheka. Nikasimama. Viatu vyangu vyote viwili vilikuwa vimefungwa vizuri.

Nyumbani kwangu sikuwahi kubisha mlango wa mtu.

"Hodi," nikasema.

Maneno yakakatika ndani. "Nani?" ilikuwa sauti ya mkwe.

"Mgeni wenu."

Nikasubiri. Nilisikia kiti kikisogezwa, kitu kikiondolewa njiani, hatua za mtu asiye na haraka. Sikujua atafungua kwa uso gani, na nilisimama hapo na mapazia mikononi nikiwa sijui, mpaka kitasa kikazunguka.

"Karibu, Mama," akasema. "Viatu acha hapo mlangoni, nimepiga deki."

Nikainama nikavivua.